Jina la Réjean kwenye Reli ya Angani

SEHEMU YA TISA

Medali ilikuwa ya Réjean. Donat hakuhitaji miwani kuitambua.

Tulipoagana nawe, msomaji, mkono wa Donat Lachapelle ulikuwa ndani ya mkebe wa chakula usio wake. Mzee huyu ni mhudumu wa treni ya angani, ile inayozunguka juu ya Maonyesho ya Dunia ya Montréal. Alikuwa anamtilia rafiki yake Florian kipande cha mkate wa nyama aliopika mkewe, Georgette. Chini ya mkebe akakuta leso. Ndani ya leso, medali ya Mtakatifu Ana.

Akaigeuza. Nyuma yake kulikuwa na herufi mbili zilizokwaruzwa kwa sindano: R.L. Georgette ndiye aliyezikwaruza, siku mtoto wao wa pekee alipopata komunyo ya kwanza.

Réjean alikufa Februari ya mwaka jana akijenga reli hii hii. Alianguka kutoka nguzo ya thelathini na moja. Mwili ulirudishwa nyumbani bila medali, pamoja na ripoti ya mistari minne: kijana alikuwa amelewa, akafungua mkanda wa usalama kwa mkono wake mwenyewe, akaanguka.

Mistari minne, na nyumba nzima ikazimika. Baba yake Georgette alikufa kwa ulevi, na Georgette aliapa pombe haitavuka kizingiti chake. Siku ya mazishi hakulia. Aliporudi nyumbani aliishusha picha ya Réjean ukutani, akaifungia kabatini na mashuka.

Sasa Donat amesimama kwenye jukwaa la kituo, saa tano asubuhi, jua la Julai linawaka, watu wamejaa na kofia zao za rangi rangi, na medali iko kiganjani mwake.

Nyuma yake akasikia mluzi.

"Mzee Donat! Leo tuna nini? Usiniambie mayai tena, nitaanza kuwika."

Alikuwa Florian Bérubé, fundi wa breki, miaka ishirini na sita, uso wa kitoto. Tangu Maonyesho yalipofunguliwa mwezi Aprili amekuwa akipanda treni ya Donat kila siku. Aliiomba zamu hiyo mwenyewe. Donat alidhani kijana anampenda kwa hadithi zake za tramu.

Donat akafungua kiganja.

"Hii umeitoa wapi?"

Kicheko kikamkauka Florian mdomoni.

"Mzee..."

"Nimekuuliza. Umeitoa wapi?"

"Nilikuwa nataka kukwambia."

"Lini? Wiki hii? Wiki ijayo? Maonyesho yakifungwa?"

"Kila siku. Kila siku nakuja nimejiandaa, halafu unanikaribisha chakula."

Donat akamkamata ukosi wa ovaroli. Mzee huyu aliendesha tramu miaka ishirini na miwili mpaka zilipoondolewa mjini, na mikono yake bado ilikuwa na nguvu ya zile breki za chuma. Akamsukuma Florian mpaka mgongo ukagota kwenye uzio.

"Ulimwibia maiti?"

"Hapana! Alinipa!"

"Nani alikupa?"

"Réjean! Alinipa mwenyewe!"

Watu wakaanza kugeuka. Binti wa kituo, Ginette, mwenye sare ya buluu, akawajia mbio. "Jamani, jamani, wageni wanatazama!"

Na papo hapo sauti nyingine ikapenya, sauti ambayo Donat ameisikia kila asubuhi kwa miaka thelathini.

"Donat! Ndivyo mnavyowapokea watu huku?"

Alikuwa Georgette.

Kofia ya Pasaka kichwani, viatu vya kanisani miguuni, pasipoti ya Maonyesho mkononi, kile kijitabu cha kiingilio kinachogongwa mhuri kila banda, mpya kabisa, haina mhuri hata mmoja. Kwa miezi mitatu mwanamke huyu alikataa kukanyaga kisiwa hiki cha Maonyesho. Donat alimbembeleza, akamsihi, akanyamaza, akaanza upya. Jana ndipo aliposema: haya, nitakuja saa sita. Amekuja saa tano.

Donat akaachia ukosi. Medali akaifumbata.

"Tulikuwa tunataniana," akasema.

"Utani gani wa kumnyonga mtu?" Georgette akamtazama kijana kutoka juu mpaka chini. "Kumbe ndiye wewe Florian wa mayai. Mbona umekonda hivi? Vyakula vyangu vyote vinakwenda wapi?"

Florian akanyoosha ukosi wa ovaroli.

Treni ikaingia kituoni taratibu, haina kelele, mabehewa yake madogo yako wazi pembeni, yana vivuli vya turubai juu. Ginette akafungua vizuizi. Watu wakasukumana.

"Panda na sisi, mwanangu," Georgette akamwambia Florian. "Mimi naogopa vitu vya juu. Nataka nikae na fundi."

Donat akamwinamia kijana sikioni.

"Neno moja tu mbele yake, nakutupa chini."

"Nitupe," Florian akajibu kwa sauti ya chini. "Mimi nimechoka, mzee."

Wakapanda. Georgette akakaa katikati, Florian kulia kwake. Donat akakaa mbele yao, kwenye kiti cha mhudumu, akiwakabili. Treni hiyo inajiendesha. Kazi yake ni kuangalia watu wasisimame na kuwajibu wanaouliza vyoo viko wapi.

Wakapaa juu ya mfereji. Chini yao mashua za watalii, mabanda ya mataifa, bendera. Georgette alishika pochi kwa mikono miwili na kutazama magoti yake.

Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na mama mmoja wa Toronto mwenye kamera. Akawagusa bega, akawaonyesha kwa ishara watabasamu. Georgette na Florian wakageuka, Donat akainua uso. Kamera ikalia. Mama yule akashukuru sana kwa Kifaransa kibovu.

Picha hiyo ipo mahali fulani Toronto mpaka leo, nadhani. Mume, mke na kijana, nyuso zimeganda.

"Donat," Georgette akasema bila kuinua macho. "Ni wapi?"

"Wapi nini?"

"Usinifanye mjinga. Sikuja kutazama bendera. Alianguka wapi?"

Kabla hajajibu, Florian akanyoosha kidole.

"Pale, mama. Ile nguzo baada ya mti mdogo."

Georgette akamgeukia polepole.

"Wewe umejuaje?"

Donat akasema haraka, "Mafundi wote wanajua."

"Nilikuwepo," Florian akasema.

Treni ikapunguza mwendo. Ya mbele ilikuwa bado inapakia watu kituoni, nayo hii, kama ilivyo desturi yake mara kumi kwa siku, ikasimama kungoja. Ikasimama mita chache tu kabla ya nguzo ya thelathini na moja. Donat alimlaani aliyeitengeneza kwa vyombo vyote vya altare, kama watu wa Montréal wanavyolaani, kimoyomoyo, kikombe, sahani na kengele.

"Ulikuwepo," Georgette akarudia.

"Nilikuwa naye juu. Mama, mwanao hakulewa."

Ingekuwa mwingine angepiga ukelele. Georgette alivua glovu moja, akaikunja, akaiweka juu ya pochi.

"Sema."

"Mimi ndiye nilikunywa. Baridi ilikuwa ya kupasua mawe asubuhi ile. Nilipofika katikati ya boriti miguu ikagoma. Nikailalia boriti, nikaikumbatia, nalia. Mafundi walikuwa wananicheka kutoka chini. Réjean hakucheka. Akaja."

"Halafu?"

"Kamba ya mkanda wake ilikuwa fupi, haikunifikia. Akaufungua. Akanifunga mimi. Akaniambia, haya, Florian, rudi kinyumenyume, usitazame chini, nipo. Nikarudi. Nilipofika kwenye ngazi nikamwambia, na wewe njoo. Akacheka. Akasimama aje."

Florian akafuta uso kwa mkono wa ovaroli.

"Kulikuwa na barafu," akasema.

Georgette hakumtazama. Alikuwa anatazama ile nguzo. Ilikuwa nguzo ya kawaida tu, nyeupe, safi, na mtu alikuwa ameizungushia maua chini.

"Na ripoti?"

"Nyapara Charbonneau alikuja mbio. Akasikia harufu ya jini, ile pombe kali. Kilikuwa kinywaji changu, kilinimwagikia kifuani, na harufu ikamwingia Réjean nilipomkumbatia. Nyapara akaniuliza, huyu alikuwa amelewa? Nikasema..." Akafunika uso. "Nikasema ndiyo. Niliogopa, mama. Nilikuwa nimefunga mkanda wake kiunoni mwangu, nikasema ndiyo."

Donat aliinuka. Alikuwa amesahau ahadi ya kumtupa mtu chini, alitaka tu kusimama. Abiria wakamtazama: mhudumu mwenyewe kasimama.

"Kaa, Donat," Georgette akasema.

Akakaa.

"Alikufa pale pale?"

Florian akatikisa kichwa.

"Walituambia alikufa pale pale," Donat akasema.

"Dakika arobaini, mzee. Gari la wagonjwa lilikwama kwenye theluji. Nilimwekea koti langu. Macho yalikuwa wazi. Alisikia kila kitu. Alimsikia nyapara akisema, haya ndiyo malipo ya walevi. Akajaribu kunyanyuka. Akatoa ile medali shingoni, akanitia mkononi. Akasema, mpelekee mama. Mwambie sikunywa."

Treni ikashtuka kidogo, ikaanza kwenda tena. Nguzo ikapita chini yao, ikabaki nyuma.

Donat akafungua kiganja. Georgette akaichukua medali, akapapasa mgongo wake kwa kidole gumba. R. L. Sasa ndipo machozi yakaja, yale ya siku ya mazishi na ya siku zote zilizofuata, bila sauti, yakimtiririka mpaka kwenye ukosi wa gauni la kanisani.

"Mwambie sikunywa," akasema. "Neno dogo kama hilo. Tulikaa mtaa wa pili kutoka kituo cha basi. Ulikuwa unajua nyumba?"

"Nilikuja. Mara tatu. Mara ya mwisho nilifika mpaka kwenye ngazi. Nilikusikia unafagia."

"Na mimi nilimfungia kabatini." Akajipiga kifua kwa ngumi, mara moja, kwa nguvu. "Mwanangu, nilikufungia kabatini na mashuka."

Treni ikaingia ndani ya banda la Wamarekani, lile kuba kubwa la kioo. Mwanga ukabadilika, kila uso ukawa wa rangi ya maziwa. Watu wakasema aah, wakaelekeza kamera juu. Georgette akajifuta kwa glovu. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa ya mwanamke anayetafuta kitu kilichopotea jikoni kwake.

"Jini ulilitoa wapi?"

Florian akababaika. "Nini, mama?"

"Réjean aliniambia langoni mlikuwa mnapekuliwa. Wewe uliingiaje na chupa?"

"Nili... sikuingia nayo."

"Nani aliingia nayo?"

Donat akageuza macho juu, kwenye kuba.

"Réjean," Florian akasema kwa shida. "Lakini hakuonja, naapa! Hata kizibo hakukifungua. Ilikuwa ndani ya koti lake, hawakuiona. Aliniona natetemeka, akanipa. Akasema, chukua, mimi nyumbani kwetu hatunywi."

"Mwanangu hajawahi kununua pombe."

"Alisema amepewa."

"Na nani?"

Florian akamtazama Donat. Kwa nukta moja tu. Kisha akatazama chini.

"Hakusema."

Uongo! Msomaji umeuona, na Donat aliuona. Yule aliyemsingizia Réjean kwa woga, leo anamkinga baba yake Réjean kwa huruma. Mlango ulikuwa wazi mbele ya Donat. Alichotakiwa ni kunyamaza tu, kama alivyonyamaza miezi kumi na saba.

Treni ikatoka ndani ya kuba, jua likawapiga.

"Mimi," Donat akasema.

Georgette hakuelewa. "Wewe nini?"

"Mimi nilimpa. Nilikuwa naificha ndani ya buti langu la zamani la kazi. Asubuhi ile kipimajoto kilikuwa nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri. Nilimtilia kwenye mfuko wa ndani wa koti alipokuwa anakunywa kahawa. Nikamwambia mlangoni, ukizidiwa, onja kidogo, mama yako asijue."

"Miaka yote hii ulikuwa na chupa nyumbani kwangu?"

"Ndiyo."

"Na ripoti ilipokuja?"

"Niliamini," Donat akasema. "Niliamini kila neno. Nilijua chupa ilitoka kwangu. Nikasema, nimemuua mwanangu. Ningekwenda kuuliza nini ofisini?"

"Ndiyo maana hukwenda."

"Ndiyo maana."

"Nilikulilia uende. Nilipiga magoti jikoni, Donat. Nikakwambia nenda kaulize, mimi siamini. Ukaniambia niache, niamini tu. Ni wewe uliyenifundisha kuamini."

Treni ikasimama kituo kinachofuata. Georgette akasimama, akaweka medali ndani ya pochi, akaifunga pochi. Akashuka.

"Georgette!"

Donat akainuka kumfuata. Lakini watoto wa shule thelathini walikuwa wanapanda, na walimu wao wawili, na mikoba, na puto. Alipofika pembeni, kizuizi kilikuwa kimeshushwa. Treni haina dereva wa kuambiwa ngoja. Ikaondoka nao.

Akamwona amesimama jukwaani katikati ya umati, amempa mgongo. Kofia ya Pasaka. Kisha bendera za nchi fulani zikapita katikati yao, na zilipopita, hakuwepo.

Dakika kumi na tisa mzunguko mzima. Donat na Florian walikaa wakitazamana, watoto wakiimba pembeni yao. Hapakuwa na mahali pa kwenda.

"Ungeniacha niseme uongo," Florian akasema.

"Ungeanza tena upya. Mwaka mwingine na nusu."

"Angekusamehe mapema zaidi."

"Na Réjean angebaki nani? Mnunuzi wa pombe?"

Kisha Donat akafanya jambo ambalo hata mimi ninayewasimulia sikulitarajia. Akafungua mkebe, akakata mkate wa nyama, akampa kijana kipande.

"Kula. Alikupikia wewe."

Florian akala huku analia, makombo yakimdondokea kwenye ovaroli. Watoto wakanyamaza wakamtazama.

Walipozunguka mpaka kituo kile, Georgette hakuwepo. Mhudumu wa hapo alikuwa amemwona akipanda treni iliyofuata. Wakaendelea mpaka kituo cha kwanza. Ginette alikuwa anawangoja ukingoni, amekunja uso.

"Mzee Donat, mkeo amenipita hapa sasa hivi. Ameniomba karatasi na kalamu. Halafu ameniuliza ofisi ya usalama ya wakandarasi iko wapi."

"Ukamwonyesha?"

"Nikamwonyesha. Nimekosea?"

Donat alimjua mkubwa wa ofisi hiyo. Florian pia alimjua. Alikuwa Ovila Charbonneau, nyapara wa mwaka jana, sasa amevaa tai.

Donat akavua kofia yake ya kazi, akamkabidhi Ginette.

"Mzee! Zamu yako!"

"Inajiendesha."

Wakashuka ngazi. Florian alikuwa anakimbia, Donat anakwenda haraka kadiri magoti yalivyomruhusu. Wakapita foleni ya watu waliokuwa wanangoja kuingia banda la Wacheki, wakapita nyuma ya majiko, mpaka kwenye kibanda cha mbao kilichojificha nyuma ya ua, mahali wageni hawafiki.

Njiani Florian aliuliza mara moja tu: "Tunakwenda kumzuia?"

"Hapana," Donat akasema, akihema. "Atakosea tahajia ya jina langu la katikati. Hukosea siku zote."

Georgette alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya mlango, mgongo umenyooka kama yuko kanisani. Karatasi iko juu ya pochi, pochi juu ya magoti. Mlangoni alikuwa amesimama mwanaume mnene mwenye tai, mikono mifukoni.

"Mama Lachapelle," Charbonneau alikuwa anasema, "faili lilifungwa. Limekwenda mjini. Nakuhurumia, kweli. Lakini karatasi hiyo siwezi kuipokea. Na marehemu haimsaidii kitu."

Akawaona wale wawili wanakuja. Akamtambua Florian. Mikono ikamtoka mifukoni.

"Bérubé," akasema. "Wewe una kazi nzuri hapa. Rudi kazini kwako."

Florian hakurudi. Alisimama kando ya Donat, kifua kinapanda na kushuka.

"Mama," Charbonneau akaendelea, sasa kwa haraka, "hebu niambie unataka nini hasa, tuone..."

"Sijakuuliza wewe," Georgette akasema. "Bado."

Akaigeuza karatasi ili wote waisome. Juu kabisa, kwa mwandiko wa mtu aliyeacha shule darasa la tano, kulikuwa na mstari mmoja: Mwanangu Réjean hakulewa. Chini yake ukurasa ulikuwa mweupe.

Hakumtazama mumewe usoni. Alitazama mikono yake, kisha mikono ya Florian, kisha ya yule mwenye tai. Akanyoosha kalamu.

"Nimeacha nafasi ya majina matatu," akasema. "Nani anaanza?"